Kuku Mwekundu Amekwenda

Jumatano, Shinyalu

Tangu asubuhi nilikuwa nimejiandaa kusema sina. Nimesema sina, na bado nimeandikwa elfu tatu!

Shemeji Wycliffe alifika saa saba na wenzake wawili wa kamati ya harusi ya binti yake. Nikawaambia wazi: majani ya chai yamelipa vibaya, mume wangu hajapata kibarua, karo ya Brenda naidonoadonoa tu. Wakanionea huruma. Shemeji akasema, "Pole, Mama Brenda. Tumeelewa."

Si ningewaacha waende hapo! Lakini shemeji atoke kwangu bila kula kuku? Ningesemwa mpaka Lubao. Nikamkamata yule mwekundu, anayetaga kila siku, ambaye ndiye sukari yangu na sabuni yangu. Nilipompasua nilikuta mayai tumboni, makubwa kwa madogo. Nikayatia kwenye mchuzi.

Walikula na obusuma, ugali wetu wa huku, mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Kisha shemeji akapangusa vidole, akafungua daftari.

"Mama Brenda, mtu asiye na kitu anachinja kuku wa mayai? Acha mchezo. Tuandike tatu."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Ningewapa chai tupu, ningeitwa mchoyo. Sasa eti mimi ni tajiri.

Jumapili watarudi kuchukua pesa, na watakuja saa ya chakula. Nimebaki na kuku mmoja.