Ng'ombe wa Kuagia

Koboko, Jumatatu

Shangazi Hawah,

Natumaini huko Arua mmeamka salama. Mihogo yetu imekauka vizuri na Mama hajambo. Naandika kwa sababu kwenye simu nitalia.

Unajua Baba amepata kazi Muscat na sote tulikuwa tunahama naye. Jana alikaa na Baba mdogo Muzamili kupanga bajeti ya safari, nami nikawamiminia chai.

"Pesa haitoshi," Baba akasema, "lakini karamu ya kuaga ni lazima. Watu ya Koboko watasema nini?"

"Watasema umetoroka kama mwizi!" Baba mdogo akacheka. "Shamirah iko mukubwa. Abaki kwanza, atakuja nyuma."

Baba akakubali. Tiketi yangu ikageuka ng'ombe, mahema na spika za muziki. Nilikuwa nimesimama palepale na birika mkononi, na hakuna aliyeniuliza. Mama alitazama chini.

Nimekasirika sana, Shangazi. Watu watashiba mchana mmoja, kisha mama yangu ataondoka bila mimi.

Baba anakuogopa wewe tu. Ng'ombe atanunuliwa Alhamisi, kwa hiyo mpigie kabla. Kama hutampigia, tafadhali usije kula.

Mwanao,
Shamirah