Besi Mbili, ya Numa na ya Wardell

Houston, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpenzi Odile,

Barua hii ikukute ukiwa na nguvu za kupanda ngazi zako bila kushika ukuta, na magoti yawe yamekuachia usingizi. Nisalimie majirani wote, na umwambie Clothilde kwamba mbegu zake za bamia zimeukubali udongo wa Texas kuliko mimi nilivyoukubali. Ni karibu miaka ishirini tangu mafuriko yatutoe huko New Orleans, na bado nikiamka natazama upande ambao mto ungekuwa.

Mwili wangu unakwenda. Umelalamika kwamba siku hizi sipokei simu, nakuandikia tu kama watu wa enzi za babu yetu. Una haki. Nitakujibu kabla sijatia sahihi, ila nivumilie nianze na Numa, mwenzangu wa muziki ninayemuuguza hapa nyumbani.

Numa anaondoka, Odile. Muuguzi anayekuja nyumbani hasemi hivyo, husema tu tumpe raha, lakini namwona. Chakula amekikataa, anakunywa supu kidogo nikimlazimisha. Tangu Pasaka anaomba jambo moja: aisikie besi yake, lile gitaa lake la sauti nzito. Mikono yake haiwezi tena kuipiga, anajua. Anataka mtu mwingine aipige, yeye alale asikilize, halafu aende.

Unakumbuka yeye na Wardell Gaspard walivyonunua magitaa yao ya besi pamoja, ulipokuwa bado msichana: kampuni moja, umbo moja, rangi ile ile ya asali iliyoungua pembeni. Klabuni Numa alipiga nusu ya kwanza, Wardell nusu ya pili, na mimi nikabaki kwenye dramu kwa wote wawili. Maji yalipokuja Numa aliiacha yake kwa Wardell kule mtaani Algiers, ng'ambo ya mto, ambako mafuriko hayakufika, na besi zote mbili zikakaa uvunguni mwa kitanda kimoja. Makasha yaliyoandikwa majina yaliota ukungu yakatupwa. Wardell alipofariki mwezi wa tatu, mjukuu wake Arlette alizivuta nje, akakuta vyombo viwili kama mapacha, na aliyejua kuvitofautisha yuko kaburini.

Jumamosi Arlette alikuja nazo, kazifunga kwa shuka kama watoto wenye homa. Alileta na sufuria ya maharage mekundu. Ni mtoto mwenye malezi, akisema nawe anakutazama usoni. Numa, ambaye hajatania kwa wiki nyingi, alimwambia kwamba masikio ni ya Wardell kabisa, ila anaomba Mungu vidole viwe vya ukoo mwingine, maana vya Wardell vilikuwa vizito kama serikali ya mji ikiombwa kuziba shimo la barabarani. Arlette akajibu kwamba babu yake alimwonya: Numa akikutukana, kaa, amekupenda, akikuamkia kwa heshima, chukua kofia yako uondoke. Numa alicheka hadi nikamshika mgongo.

Kisha zikafunguliwa shuka, na kicheko kikaisha. Zilikuwa zinang'aa. Mtoto wa watu, kwa heshima yake kwa wazee, alikuwa amezisugua, akatupa nyuzi za zamani, akafunga mpya. Wewe umeishi na hawa watu, unajua. Nyuzi za Numa hazikuwahi kubadilishwa tangu kabla hujaolewa. Jasho, moshi na mafuta ya kuku wa kukaanga aliokula wakati wa mapumziko ndiyo yalikuwa nusu ya sauti yake. Alizitazama kwa muda, akamwambia Arlette polepole kwamba amewaogesha wazee vizuri mno, hata wake zao wasingewatambua. Arlette alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akalia.

Zikabaki mbao. Na mbao zilitosha, kama mtu ana masikio. Besi za aina ile kila moja ina mahali pake ambapo sauti hufa: unapiga, inatoka, na kabla hujahesabu pigo la pili imezimika. Ya Numa hufa kwenye uzi mwembamba, chuma cha tano kati ya vile vinavyokatiza shingo. Ya Wardell hufa uzi ule ule, chuma cha saba. Nimekaa nyuma yao nusu ya maisha yangu, nawajua kwa vifo hivyo kama unavyomjua mtu kwa kikohozi chake.

Arlette alikuwa arudi jioni ile ile. Jumapili hii ijayo chama cha wanamuziki kinamkumbuka Wardell kwa maandamano ya tarumbeta, na baadaye ukumbini yeye atapiga besi ya babu yake. Kwa hiyo moja ingeondoka, moja ingebaki. Aliniambia, Babu Leander, wewe ndiye uliyekaa katikati yao, chagua wewe.

Nilivuta kiti, nikafumba macho kama jaji. Nikamwambia apige ya kwanza, chuma cha tano, kisha cha saba, kisha wimbo wowote wa polepole. Halafu ya pili vile vile. Nikamrudisha kwenye ya kwanza. Nikasema ile ya kwanza ni nzito chini na ina koo, ya pili ni kavu, inasema kisha inajuta. Maneno hayo nimeyasema juu ya besi hizo kwa miaka mingi, kwa hiyo yalitoka vizuri. Ya kwanza ni ya Numa, nikasema. Arlette akafuta machozi, akambusu Numa kichwani, akaondoka na ya pili. Numa alimshukuru, akanishukuru na mimi.

Sasa la simu, Odile. Sisikii.

Ilianza majira ya baridi. Sauti za chini zilitangulia: mngurumo wa basi, radi, kisha sauti za wanaume. Ya simu ikafuata. Nikiona midomo ya mtu naunganisha, lakini nikigeuka nimeachwa. Sikumwambia yeyote kwa sababu mimi ndiye ninayeamka kumhudumia Numa usiku, na wakijua mlezi wake ni kiziwi watampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa, afe kati ya wageni.

Jumamosi sikusikia chochote, hata pigo moja. Nilifungua jicho kidogo, nikaona vidole vya Numa vikicheza juu ya blanketi ilipopigwa ya kwanza. Ya pili ilipopigwa vikatulia. Hilo ndilo nililoita kusikia.

Arlette alipoondoka sikuweza kukaa. Nilichukua ile besi nikafanya wafanyavyo wapigaji wanapotaka kuilinganisha katikati ya kelele za klabu: unabana meno, unakandamiza taya kwenye pembe ya ubao, na sauti inapanda kwa mfupa. Mbele ya mtoto yule nilikuwa nimeona haya. Nikapiga uzi mwembamba, chuma cha tano. Ukatetemeka mrefu, mzima. Nikapiga cha saba. Ukafa menoni mwangu.

Nilipoinua kichwa Numa alikuwa ananitazama. Akaniambia, akifungua kinywa wazi niweze kumsoma, kaka, hiyo ni ya Wardell. Alijua tangu pigo la kwanza, vidole vyake vilikuwa vinamsalimu rafiki. Ilipokuja ya pili, yake, alitaka kuniita, akautazama uso wangu. Angesema, kungezuka ubishi, na muuguzi alikuwa mlangoni, angegundua kwamba sisikii. Basi akaviweka vidole chini.

Amejua tangu majira ya baridi. Nilikuwa nimejisifu kwamba siku hizi analala vizuri, haniiti tena usiku. Kumbe aliniita hadi akachoka, kisha akawa anakaa na kiu yake mpaka kunapambazuka. Nilidhani mimi ndiye ninayemficha.

Anasema tuache, ya Wardell inatosha. Lakini tangu Jumapili amegeukia ukutani, na supu hataki. Nimefunga uzi kutoka mkono wake hadi wangu, nalala kando yake, na sijaamshwa hata mara moja.

Jirani yangu, Bibi Eulalie, anakuja huko leo kwa gari. Nimempa barua hii na besi ya Wardell, nimeifunga kwa shuka ile ile, ili Arlette asipige ya mtu mwingine kwenye kumbukumbu ya babu yake. Nyumbani kwangu sasa hamna hata moja. Nenda Algiers leo hii, Odile. Mwambie Arlette ukweli wote. Gusa uzi mwembamba, chuma cha tano, wewe una masikio, kisha mlete yeye na hiyo besi, au ilete peke yako. Usijaribu kumpigia Numa besi kwa simu, simu humeza sauti za chini. Akishaisikia, mimi mwenyewe nitamwambia muuguzi, waamue watakavyo.

Nisalimie kaburi la mama. Busu kwa watoto wako wote.

Mtakapofika msibishe hodi. Mlango nimeuacha bila komeo, ingieni moja kwa moja.

Kaka yako,
Leander Fauria