Gari Lisilotetemeka

Mama watoto wangu,

Salamu kutoka huku ugenini nilikozeekea. Kifua kimetulia, na karakana bado wananiita nikaisikilize injini inayowashinda.

Umeniandikia kwamba jirani mwenye duka la dawa anakupeleka kliniki kwa gari lake, na kwamba ni laini, "si kama lile lako lililokuwa likitutikisa mpaka meno, mzee." Lile lilikuwa la silinda nne, mke wangu. Lake lina sita katika mstari mmoja, kila moja ikituliza mtikisiko wa mwenzake. Ulaini huo ni wa injini, si wake.

Tena mwambie krenki ya silinda sita, ule mhimili unaozungushwa na silinda zote, ni ndefu. Kila silinda ikiwaka huisokota kidogo, nayo hujirudisha. Mpira ulio ndani ya puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, ndio unaomeza msokoto huo. Ukichakaa, abiria huenda asihisi kitu mpaka krenki ikatike.

Binti yetu alinicheka kwenye simu: "Baba, unaionea wivu injini?" Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, nasema ya ufundi.

Basi nijibu moja tu, usinifiche: unakaa kiti cha mbele au cha nyuma?

Ni mimi, ambaye bado ni mumeo.