Jicho la Kulia la Moraa

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Moraa amerudi na kikapu nusu. Ameruka tena michai ya upande wa kulia, haioni. Kivuli kile cha jichoni. Nimeingia nyuma yake nikaichuma, nikajifanya natafuta jembe. Mke wangu si mjinga.

Saratani ya jicho. Naandika neno hili ili nilizoee. Daktari wa Nairobi anaiita melanoma: huota kwenye chembe zinazotia jicho rangi. Haimuumi. Ndiyo maana ilikaa humo bila kujulikana.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimemfundisha. Nimestaafu ualimu wa sayansi, nimebakiwa na mwanafunzi mmoja, mgumu kuliko wote. Nimechukua avokado nikaliita jicho. Njia ya kwanza: kulitoa jicho zima. Ya pili: kisahani kidogo chenye mionzi (hapa nimebandika kizibo cha soda) kinashonwa juu ya ukuta wa jicho, pale uvimbe ulipo, kinakaa siku chache, kinaondolewa. Ya tatu: mashine inayotuma miale kutoka nje, pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Iko nyingine ya miale ya protoni, inayoishia pale pale ilipolengwa, lakini hiyo ni ya ng'ambo.

Daktari anapendelea kisahani. Uvimbe ni wa wastani, na kwa uvimbe kama huo, kulitoa jicho hakumwongezei mtu maisha. Jicho litabaki, ingawa huenda likapoteza nguvu polepole. Sharti: siku za kisahani, watoto wadogo na wajawazito wasimkaribie.

Amesikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, umemaliza? Nikate hilo jicho tulie ugali?"
Nimecheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 12 Machi
Anataka jicho litolewe. Kisahani hataki. Sababu hataji. Daktari anangoja jibu Jumatatu.
Nimekasirika. Hapana, naogopa. Nalipenda jicho lile. Ndilo analolifumba kidogo akinitania.

Sabato, 15 Machi
Baada ya kanisa Kerubo amekuja kutoka Nyaramba alikoolewa. Kitinda mimba wetu, na sasa ana mimba yake ya kwanza, kubwa tayari. Moraa amekaa pembeni, kitambaa juu ya jicho la kulia, uso ukutani. Hata sahani ya bintiye ameipitisha kwangu.
Kerubo amenifuata jikoni analia. "Tata, nimemkosea nini Mama?"
Nimemwahidi kwamba nitamuuliza mamake.

Jumapili, 16 Machi
Nimemkuta akipepeta wimbi. Nimeuliza mara moja, kisha nikashika ungo wa pili. Jibu likatoka.

"Wewe mwenyewe ulisema watoto wasikaribie jicho hili. Jicho la kudhuru watoto tunaliitaje hapa Nyamache?"

Ebibiriria. Husemwa kwamba wapo watu wenye jicho hilo: wakimtazama mtoto mchanga, vitu vidogo vidogo hunata kwenye ngozi yake na kumuumiza. Kwa hiyo mtoto hupakwa siagi, visimshike. Moraa alidhani mionzi itabaki jichoni maisha yake yote, na tayari hakuliamini jicho hilo mbele ya mimba ya Kerubo. Afadhali awe chongo kuliko kuwa bibi anayefichwa mjukuu.

Nilieleza jinsi mionzi inavyoingia. Kwamba inaondoka pamoja na kisahani, nilidhani inajulikana. Nimewasha tochi, nikaizima, nikamwonyesha hakuna mwanga uliobaki.
"Tochi si daktari," amesema.

Jumatatu, 17 Machi
Tumempigia daktari. Moraa ameuliza swali moja. "Kikitolewa, naweza kumtazama mtoto?"
"Siku hiyo hiyo, mama. Mtazame mpaka achoke yeye."
Amekubali kisahani. Kisha akamuuliza daktari kama amekula.

Alhamisi, 10 Aprili
Nairobi. Kisahani kimo. Naruhusiwa kuingia kwa muda mfupi, nikae karibu na mlango. Bandeji imemfunika nusu ya uso. Anasema chai ya hapa ni maji yaliyooshewa vikombe. Akilalamika, najua ni mzima.
Sijazoea kumpenda kutoka mbali hivi.

Jumatatu, 14 Aprili
Kimetolewa. Mhudumu amepitisha kipimo cha mionzi mbele ya uso wake. Kimya. Moraa amemwomba arudie. Kimya tena.
Kama uvimbe utasinyaa, tutajua baada ya miezi. Ini pia litakuwa likipimwa, maana ugonjwa huu hupenda kuhamia huko. Hayo nimemweleza yote, taratibu, safari hii mpaka mwisho.

Sabato, 24 Mei
Nyaramba. Msichana.
Moraa ameketi, ameondoa kitambaa, amempokea. Jicho la kulia linaona ukungu. Amemtazama nalo hata hivyo, muda mrefu, na Kerubo amekaa ubavuni kwake.
Kisha amefungua kopo alilokuja nalo kutoka nyumbani. Siagi. Amempaka mtoto kwenye paji, mashavuni, kifuani. Ameniona nikitazama.
"Ni ya baridi tu, Mwalimu."
Jua lilikuwa kali. Nimemshikia kopo.