Gunia Moja kwa Wakesho Wawili

Voi, Jumapili jioni

Kwako mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako. Baba yako hajambo? Ule mguu unamruhusu sasa kufika shambani, au bado anakaa mlangoni akigombeza kuku? Nyanya yako je, kifua kimetulia? Mwambie namwamkia kwa heshima zote. Mdogo wako Mghoi anaenda shule, au bado anajificha nyuma ya zizi kengele ikilia? Na wewe mwenyewe, mama, unalala? Tangu ndovu walipomaliza shamba lako na la nyanya yako, najua hulali. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho ndiyo haitulii.

Ile ofisi ninayofagia, ya mradi wa mbegu, wamenipa na kazi ya karatasi. Majina ya wote walioharibiwa shamba na ndovu yamewekwa ndani ya kompyuta. Karani akibonyeza, printa inalia krr krr, inatoa lebo zimeshikana kama mkanda. Kila jina linatoka mara tatu: lebo moja ya gunia la mbegu, moja ya kadi, moja inabaki ofisini. Mimi nazikata na kuzipanga.

Alhamisi zikafika za kijiji chetu, Rukanga. Nikaona Wakesho Mwadime tatu, halafu Wakesho Mwadime tena tatu. Nikafurahi, nikasema mko wote. Karani akaniambia, "Mama, hiyo imerudia. Tupa hizo zingine." Akafuta moja kwenye kompyuta.

Nikamwambia, "Hao ni watu wawili, kijana."

"Wawili gani? Jina moja, kijiji kimoja, boma moja."

"Ni mkwe wangu na mtoto wangu."

Akacheka mpaka akaegemea kiti. "Kumbe ni wa kwako. Si useme tu unataka magunia mawili."

Wenzake nao wakacheka. Unajua mimi hilo jina sijawahi kulitamka. La mama mkwe halitamkwi, ndiyo maana tangu nikuzae nakuita mama. Sasa kumweleza mtu wa mbali kwamba kwetu mjukuu hupewa jina la nyanya yake, ningeanzia wapi na wote wananitazama? Aibu ikanishika. Lebo zako nikazitupa kwa mkono wangu huu. Hapo ndipo ninapojuta, mwanangu.

Kesho yake asubuhi, hata kabla sijafagia, nilimfuata nikamweleza yote, na jina nikalitaja. Hakucheka tena. Lakini akasema, "Mama, ripoti nimeshaitoa nakala. Moja iko kwa mkubwa, nyingine imeenda kwa chifu wenu, na zote zinasema Wakesho ni mmoja. Niletee nambari za vitambulisho vyote viwili, nitamrudisha huyo niliyemfuta, nichape ripoti upya. Lori likishapakiwa, siwezi."

Lori linapakiwa Ijumaa hii.

Kwa hivyo, mama, chukua kitambulisho chako na cha nyanya yako, uandike nambari zote mbili pole pole bila kuruka hata moja, umpe dereva wa basi. Ananijua, ataniletea ofisini. Zisipofika, gunia litakuja moja, na hilo ni la nyanya yako. Usishindane naye. Na usimwambie ni mimi niliyetupa lebo. Hapana, mwambie tu. Afadhali asikie kwako kuliko kwa chifu. Mwambie mkwe wake anaomba radhi, na mwezi ukiisha nitatafuta mbegu za pojo hapa sokoni, hata kama ni nusu debe, usikae na shamba tupu.

Nisalimie baba yako, mjomba wako fundi viatu, na jirani yetu anayetuchungia mbuzi.

Ni mimi mama yako anayekuwaza. Mawingu yameanza kukaa upande wa kwenu, nayaona kutoka hapa. Nijibu upesi, basi la Jumatano lisije Voi bila barua yako.