Sauti ya Urambo Ipitie Dar

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha asubuhi tena. Nimewasha skrini, nimepangusa kamera, nimeomba radhi kwa kosa lisilo langu. Bi. Nyamizi, msimamizi wa kituo chetu cha kununua asali Urambo, anaulizwa hiki, jibu linafika tumeshahamia kile. Meneja anasonya.

Ndivyo ilivyo tangu makao makuu waamue sauti na picha zote zipitie kwanza kwenye mtambo wao Dar. Ofisi yetu ya Tabora na Urambo ni majirani! Wazee wetu walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani. Sasa hata shikamoo inapelekwa pwani ndipo irudi hapa. Ningecheka kama fundi wa mitambo hii nisingekuwa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Meneja anasema Bi. Nyamizi anachelewa kujibu kwa sababu anatunga uongo. Nimemweleza tatizo ni njia ya sauti. Kasema nisimletee ufundi. Ijumaa atamhoji kwa video kuhusu hesabu za kituo. Akibabaika, kituo anapewa mtu mwingine.

Mama huyu ndiye aliyenipokea kazini.

Alhamisi, 6 Machi
Ruhusa ya kubadili njia ninayo kwenye mtambo. Nabofya mara moja, sauti ya Urambo inakuja moja kwa moja. Lakini agizo liko wazi: atakayegusa bila idhini, kazi hana. Nimeomba idhini. Nimepiga simu Dar. Wako kikaoni.

Nikigusa nimekwisha. Nisipogusa amekwisha yeye. Madirisha yote yako wazi na bado sipati hewa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimegusa. Kwa Urambo peke yake. Ningerudisha baadaye, nani angejua? Asubuhi nilimpigia Bi. Nyamizi asiwe na hofu, leo nimemfungulia njia. Nikasahau kumwambia ni siri. Mjinga mimi.

Sauti ikaja safi, utadhani yuko chumba cha pili. Meneja akamwamkia, marahaba ikafika papo hapo. Kisha, kabla ya swali lolote, mama akafanya alivyolelewa: akashukuru.

"Na binti yangu hapo ofisini, ahsante mwanangu kwa kunifungulia njia. Mungu akuzidishie."

Meneja akanigeukia taratibu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Maswali yote aliyajibu. Hakubabaika hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Bi. Nyamizi anabaki na kituo chake. Nami nimebaki, ila ruhusa zangu zimefutwa. Njia imerudishwa Dar. Kazi yangu sasa kuwasha skrini na kupangusa kamera, na kuona tatizo nisiloweza kuligusa.

Ijumaa nilimkasirikia mama huyu hadi nikalia. Leo siwezi.

Kikaoni nilimwamkia. Nikasubiri. Wenzangu wakaendelea na ajenda. Walipofika kwenye bei ya nta, ikaingia katikati yao, imechoka na safari: marahaba, binti yangu.

Meneja hakusonya.