Kura Niliyowapigia Wapinzani Wetu

Cedar Hill, Jumamosi. Joto limeanza mapema, na mapafu yangu yamelijua kabla sijafungua pazia. Lakini kichwa kiko sawa. Naandika kabla dawa haijanilaza.

Leo nimemwambia Salim.

Kazi yangu ilikuwa kubuni kompyuta ndogo: bodi ya ukubwa wa kiganja, ya kukaa ndani ya mashine penye vumbi, joto na mtikisiko. Salim, Mzanzibari wa Houston, alikuwa mshirika wangu katika kampuni yetu ndogo. Tulibuni kiunganishi, ile sehemu inayoshikanisha bodi moja na nyingine juu yake. Chetu hakikulegea hata kwenye pampu za mafuta.

Kisha kampuni za fani yetu zikakutana kuamua kiwango kimoja: bodi iwe na ukubwa gani, matundu ya skrubu yakae wapi, kiunganishi kiwe kipi. Kila kampuni ilikuwa na kura moja, ya siri. Yetu niliipiga mimi.

Nilichagua kiunganishi cha wapinzani wetu.

Chetu tulikitengeneza sisi peke yetu. Siku ambayo tungefunga kampuni, mwenye pampu iliyoharibika angekosa bodi ya kuweka. Kile kingine kilikuwa dhaifu kidogo, lakini kiwanda chochote kingeweza kukitoa. Kiwango ni ahadi kwa mtu usiyemjua. Naliamini hilo hadi leo, na bodi mpya bado zinaingia kwenye masanduku ya mashine za zamani.

Tulishindwa kwa kura moja. Kampuni ikafa. Salim akaenda kukarabati mashine za watu, na kila tulipokutana alisema kampuni nyingine zilituonea. Nikanyamaza.

Kura siijutii. Kunyamaza ndiko kulikonichosha.

Salim amefika adhuhuri. "Injinia, umekonda kama waya," akasema. Binti yangu Rehema akaleta chai, nami nikamweleza Salim yote kabla hajaionja.

Akakisukuma kikombe kando.

"Ningekuuliza wakati ule, ungenambia?"

"Hapana."

"Na ukipewa tena kura hiyo?"

"Nitapiga vile vile."

"Bwana we, hata ugonjwa haukukutia adabu." Akatazama dirishani. "Chetu kilikuwa bora."

"Kilikuwa bora, Salim. Ndiyo maana iliniuma."

Akavaa viatu, akatoka. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nilijiambia kwamba nimesema kweli na hiyo ndiyo bei yake.

Akarudi na begi la nguo.

"Rehema, mwanangu, nitandikie popote," akasema. "Houston ni mbali, na huyu baba yako sijaanza hata kumgombeza."

Sasa amelala chumba cha pili, anakoroma. Nimemwomba Rehema aniamshe mapema kesho. Nina mtu wa kunigombeza, na sitaki kumchelewesha.